Kufungwa Mkononi: Makosa ya Ufunguzi Yanayomaliza Sataranji Mapema

Wacheza bao wa pwani yetu wana neno kwa mtu aliyeshindwa kabla mchezo haujakolea: amefungwa mkononi. Bao la Kiswahili huanza kila mmoja akiwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na anayefungwa wakati za mkononi hazijaisha huinuka kimya. Mali anayo, tena nyingi, ila haikuwahi kuingia kazini.

Sataranji nayo ina mkononi yake. Jumamosi alasiri, hapa Tiwi, huwa tunakaa na vijana chini ya mwembe, hatua chache kutoka barabara ya Likoni–Lunga Lunga, ubao juu ya kreti la soda. Kila wiki namwona angalau mmoja akishindwa katika hatua ya nne au ya saba, ngome zake zote mbili zikiwa pale pale pembeni alipozipanga. Halafu husema, "Mwalimu, mimi sina kichwa cha mchezo huu." Neno hilo linaniuma kwa sababu si kweli. Kichwa anacho. Alichokosa ni mtu wa kumwonyesha mambo machache ya mwanzo, na hayo ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa ajili yake na kwa mzazi au mwalimu anayetaka kukaa naye ubaoni.

Tuelewane kwanza kuhusu majina. Kamusi zetu zinamwita mfalme wa sataranji shaha, neno lililotoka Uajemi, na kete ndogo za mbele zinaitwa vitunda, ingawa vijana wengi husema askari. Mimi nitasema mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na kitunda. Ubao una miraba 64. Mistari ya kwenda mbele ina herufi a hadi h, kuanzia kushoto kwa mwenye nyeupe. Safu za kukata zina namba 1 hadi 8, kuanzia upande wake. Kwa hiyo e4 ni mraba wa mstari wa e, safu ya nne. Mfalme mweupe huanzia e1, mweusi e8.

Kuna kosa linalotangulia hata hatua ya kwanza, nalo ni kuweka ubao kombo. Mraba wa pembeni ulio mkono wako wa kulia lazima uwe mweupe. Malkia hukaa kwenye rangi yake, mweupe juu ya mweupe, mweusi juu ya mweusi. Nimewaona watoto waliocheza muhula mzima mfalme na malkia wakiwa wamebadilishana viti. Walipofika mashindanoni kila walichokizoea kilikuwa kimegeuka kushoto kulia.

Mlango wa f7

Utazame mraba f7 kabla mtu hajacheza. Kitunda kilichopo pale kinalindwa na nani? Malkia hakifikii. Farasi wa g8 hakifikii, askofu wa f8 hakifikii, ngome ndiyo kabisa. Anayekilinda ni mfalme peke yake. Vitunda vingine vyote vya safu hiyo vina angalau mlinzi mmoja asiye mfalme. Cha d7 na cha e7 vina walinzi wanne kila kimoja. Upande wa Nyeupe ni hivyo hivyo kwa f2. Michezo mingi inayokufa mapema hufia hapo, na ukikumbuka jambo moja tu katika makala haya, kumbuka mraba huu.

Shambulizi lenyewe ni rahisi. Nyeupe anasogeza kitunda e4, Nyeusi e5. Askofu mweupe anatoka hadi c4, na mshazari wake unapita d5, e6, unafika f7. Farasi mweusi anatoka c6. Sasa malkia mweupe anaruka h5. Kutoka hapo anakitazama f7 kupitia g6, na upande mwingine anakitazama kitunda cha e5.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama nyuma ya mvulana wa kidato cha pili katika hali hiyo hiyo. Mpinzani wake, kijana mgeni kutoka Likoni, alimtua malkia h5 kwa kishindo mpaka vitunda vikatikisika. Mkono wa mvulana wetu ukaenda moja kwa moja kwa farasi wa g8. Nilimwona akitabasamu: farasi akifika f6 anamtishia malkia, na nani asiyependa kumtishia malkia? Hakuinua macho hata mara moja kumtazama askofu aliyekaa kimya c4 tangu hatua ya pili. Farasi akatua f6. Malkia akala f7. Chekimeti. Mfalme hawezi kumla malkia kwa sababu askofu anamlinda kutoka mbali; mraba pekee ulio wazi kwake, e7, unatawaliwa na malkia huyo huyo; kwingine amezibwa na watu wake mwenyewe. Haikutimia dakika mbili.

Mzee mmoja anayekuja pale kucheza bao alikuwa akitazama. Akamwambia, "Mwanangu, umetazama mkono wa mwenzio, hukutazama nyumba yako." Katika bao, nyumba ni shimo lile kubwa ambalo mchezaji hulichunga kuliko yote. Nimefundisha sataranji miaka kadhaa na sijapata namna bora ya kulieleza kosa lile.

Dawa yake ni kitunda cha g. Katika hatua ile ya tatu, kisogeze mraba mmoja, g6. Malkia analazimika kuondoka. Akirudi f3 ili aendelee kuchungulia f7, sasa ndiyo zamu ya farasi kwenda f6, maana anauziba mstari wa f. Baada ya hapo askofu wako anaingia g7, mfalme anajificha, na mwenzio amebaki na malkia aliyetembezwa mara mbili bila faida yoyote.

Lakini ushike mpangilio. Kitunda g6 kinafaa kwa sababu farasi wa c6 ameshakilinda kitunda cha e5. Kuna wanaomtoa malkia h5 katika hatua ya pili, kabla ya askofu. Ukijibu g6 papo hapo, malkia atakula e5 kwa cheki, na kutoka pale mshazari wa f6, g7 hadi h8 uko wazi: ngome yako imekwenda. Farasi c6 kwanza, g6 baadaye. Dawa ni ile ile, ila hii hainywewi kabla ya chakula.

Anayeangushwa hivi ana wenzake wa kujivunia. Phiona Mutesi alikuwa mtoto wa kama miaka tisa alipofika mwaka 2005 kwenye banda la Robert Katende huko Katwe, mtaa wa mabanda wa Kampala, ambako watoto walipewa uji na kufundishwa sataranji. Mwandishi Mmarekani Tim Crothers, aliyeandika kitabu kuhusu maisha yake, anasimulia kwamba mtego wa haraka ulimwangusha Phiona mwanzoni. Mvulana mmoja akaujaribu tena kwake siku nyingine. Safari hiyo akautambua, akamla malkia, akashinda, na mvulana akaangua kilio. Mwaka 2010 msichana yule aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2016 maisha yake yakatolewa filamu, Lupita Nyong'o wetu akiigiza kama mama yake. Kati ya siku aliyoanguka na siku aliyoutambua mtego hakupewa kichwa kingine. Alirudi ubaoni, akaangalia ilikuwaje.

Kitunda cha f kikae nyumbani

Ikiwa f7 ni mlango, basi vijana wengi huufungua kwa mikono yao. Mchezo mfupi kuliko wote unaoweza kuisha kwa chekimeti ni wa hatua mbili: Nyeupe anasogeza kitunda f3, Nyeusi e5, Nyeupe g4, malkia mweusi anatoka h4, kwisha. Mshazari kutoka h4 kupitia g3 na f2 unamfikia mfalme, na kitunda cha g ambacho kingeziba g3 kimeshavuka.

Ni nadra kuuona mchezo huo wenyewe. Ndugu yake, hata hivyo, namwona kila wiki. Nyeupe e4, Nyeusi e5. Farasi mweupe anatoka f3, anakitishia kitunda e5. Mwanafunzi anafikiri vizuri kabisa, kwamba kitunda changu kinahitaji mlinzi, kisha anachagua mlinzi mbaya kuliko wote: anasogeza f6. Ukitazama kwa haraka unaona ukuta. Farasi mweupe anakula e5 hata hivyo. Kitunda cha f kikimla farasi, malkia anaruka h5, cheki. Ukiziba kwa g6, anakula e5 kwa cheki na ngome ya h8 inafuata. Ukimtoa mfalme e7, malkia anakula e5 kwa cheki tena, mfalme anakimbilia f7, askofu anatoka c4 kwa cheki nyingine, na mfalme wako amekuwa mkimbizi katikati ya uwanja kabla hujamtoa hata farasi mmoja.

Kosa hili limejulikana kwa zaidi ya miaka 500. Mreno Pedro Damiano alilionyesha ubaya wake katika kitabu alichokichapisha Roma mwaka 1512, na malipo aliyopata ni kwamba ufunguzi huo mbovu ndio uliopewa jina lake. Linda e5 kwa farasi c6. Umelinda, na papo hapo umemtoa mtu nje.

Hilo la kuwatoa watu nje linafaa kuelezwa kidogo. Katika hatua nane hadi kumi za mwanzo kazi yako ni kusogeza kitunda kimoja au viwili vya katikati, kuwatoa farasi wawili, kuwatoa maaskofu wawili, na kumficha mfalme. Malkia hangoji kwa unyonge. Anangoja kwa sababu kila kete ndogo inaweza kumfukuza, na kila akifukuzwa mwenzio anapata hatua ya bure. Anayeijua bahari ya Tiwi atanielewa haraka. Maji yakiwa yamekupwa ndani ya mwamba, mtumbwi hupita, jahazi hukwama. Farasi na maaskofu ni mitumbwi yako. Malkia asubiri maji yajae.

Kumficha mfalme nako kuna utaratibu wake. Mfalme anasogea miraba miwili kuelekea kwenye ngome, na ngome inamruka na kukaa upande wa pili. Inaruhusiwa mara moja tu, iwapo mfalme na ngome hiyo hawajawahi kusogea, hakuna kete kati yao, mfalme hayuko kwenye cheki, na miraba anayoipita na anayotua haitishiwi na adui. Kwa anayejifunza, mimi hudai mfalme awe ameshaingia ngomeni ifikapo hatua ya nane. Wachezaji wakubwa huchelewesha kwa sababu zao. Wewe bado huna sababu hizo.

Tamaa

Baadhi ya michezo hupotea mapema kwa sababu mtu ameona kitu cha bure. Mwingereza Joseph Henry Blackburne, bingwa wa karne ya 19, yasimuliwa kwamba aliwapokonya wageni wa mikahawa shilingi zao kwa mtego mmoja wa ufunguzi, na mtego huo unaitwa kwa jina lake na la shilingi hadi leo. Hapa kwetu huchezwa kwa soda, na bado unafanya kazi.

Uupange ubaoni ukiwa unasoma. Nyeupe e4, Nyeusi e5. Farasi mweupe f3, farasi mweusi c6. Askofu mweupe c4. Sasa farasi mweusi anaruka tena, d4. Anaonekana amepotea, maana kitunda cha e5 hakina mlinzi. Nyeupe anakila kwa farasi. Malkia mweusi anatoka g5, akimtishia farasi huyo na kitunda cha g2 kwa wakati mmoja. Nyeupe bado ana njaa: farasi anakula f7, anawatishia malkia na ngome pamoja, na moyoni anahesabu ushindi. Malkia mweusi anakula g2. Ngome ya h1 inakimbilia f1. Malkia anakula e4, cheki. Askofu anarudi e2 kuziba. Farasi mweusi anatua f3, na hiyo ni chekimeti ya hatua ya saba. Mfalme amezungukwa na watu wake mwenyewe, na askofu wa e2 hawezi kumla farasi kwa sababu akiondoka pale malkia anamwona mfalme.

Jibu sahihi halina mbwembwe. Farasi alipofika d4, mle kwa farasi wako wa f3. Kitunda chake kitamla wako, utamficha mfalme, na mchezo wako ni mzuri.

Tamaa ya malkia ni mbaya zaidi ya tamaa ya kitunda. Mfaransa Legall alikuwa akicheza Paris katika karne ya 18, na ushindi wake mmoja unafundishwa dunia nzima. Nyeupe e4, Nyeusi e5. Farasi f3, kitunda d6. Askofu c4, askofu mweusi g4 ili ambane farasi wa f3 mbele ya malkia. Farasi wa pili c3, na Nyeusi anapoteza hatua kwa kitunda g6. Farasi yule yule aliyebanwa anakula e5! Malkia ameachwa wazi d1, na askofu mweusi hawezi kujizuia, anamla. Askofu mweupe anakula f7, cheki. Mfalme anakwenda e7, hana kwingine. Farasi wa pili anatua d5, chekimeti. Nyeusi ana malkia wawili wa kuangalia, wake na wa mateka, na hakuna anayemsaidia. Na mlango ulioingiliwa ni f7 tena. Kama angemla farasi badala ya malkia angepoteza kitunda kimoja tu, na mchezo ungeendelea.

Hatua uliyoiona kwa mwingine

Siku hizi kijana mwenye simu anaweza kutazama mitego kumi kabla ya chakula cha usiku. Sina ugomvi na simu. Mimi mwenyewe nimejifunza mengi humo. Ninachokiona ni vijana wanaokariri hatua sita bila kujua hata moja inafanya nini, kisha mpinzani anabadilisha ya nne na wao wanaendelea na ya tano kama hakuna kilichotokea.

Jambo hili limewapata wakubwa pia. Mwaka 1988 huko Biel, Uswisi, Viswanathan Anand wa India, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, alishindwa na Alonso Zapata wa Kolombia kwa hatua sita. Nyeupe e4, Nyeusi e5. Farasi f3, farasi f6. Farasi anakula e5, kitunda d6. Farasi anarudi f3, farasi mweusi anakula e4. Farasi mweupe c3, na Anand akamweka askofu f5 kumlinda farasi wake. Zapata akasogeza malkia e2. Anand akakubali kushindwa hapo hapo. Farasi wa e4 yuko mstari mmoja na mfalme wake, na anashambuliwa na wawili. Kumlinda kwa kitunda d5 kunajibiwa na kitunda d3. Kumlinda kwa malkia e7 kunajibiwa na farasi d5, anayemtishia malkia huyo pamoja na kitunda cha c7. Yasimuliwa kwamba hatua ile ya askofu alikuwa ameiona katika mchezo wa wachezaji wakubwa uliochapishwa, akaiamini.

Garry Kasparov, akiwa bingwa wa dunia, alishindwa na kompyuta ya Deep Blue mjini New York tarehe 11 Mei 1997 katika hatua 19 tu. Kilichomponza ni kitunda h6 katika hatua ya saba. Farasi mweupe alijitoa mhanga e6 na mfalme hakupata tena pa kukaa. Vijana wetu hupenda sana hivyo vitunda vya pembeni, a6 na h6, wanapokosa la kucheza. Ukikosa la kucheza, tafuta farasi au askofu ambaye bado yuko nyumbani.

Ushauri ninaoutoa kila Jumamosi ni huu: mwenzio akicheza, kalia mikono yako. Kwa maana halisi, mikono iwe chini ya mapaja. Uliza ametishia nini, uliza ameacha nini wazi, tazama f7 au f2, ndipo mkono utoke. Sheria ya mashindano ni kwamba ukigusa umecheza: kete uliyoigusa kwa nia ya kuicheza lazima uisogeze, kama ina hatua halali, hata ukiona kaburi lako mbele. Mkono uliokaliwa haugusi.

Kushindwa kabla ya hatua ya kwanza

Kwa wanaoanza kwenda mashindanoni Mombasa, kuna njia nyingine za kufungwa mkononi. Katika mashindano yanayofuata sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, mchezaji anayekutwa na simu mwilini ukumbini kwa kawaida hupoteza mchezo, hata isipolia. Izime kabisa, wala usiiweke mfukoni. Ukicheza hatua haramu mara ya kwanza mpinzani huongezewa muda. Mara ya pili umeshindwa. Na anayefika baada ya muda wa kusubiri uliowekwa na waandaaji hupoteza bila kukaa kitini. Anayetoka Tiwi asiweke miadi na feri ya Likoni kwa dakika za mwisho. Ondoka alfajiri, au kama usafiri upo, pitia barabara ya Dongo Kundu. Inaumiza kumwona mtoto aliyejiandaa mwezi mzima akishindwa na foleni.

Mazoezi hayahitaji fedha nyingi. Ubao wa kadibodi uliochorwa kwa rula, na vifuniko vya soda vilivyoandikwa herufi juu, M kwa malkia, F kwa farasi, vimefundisha watoto wengi hapa kwetu. Kwa mwenye simu, Lichess ni bure kabisa na haina matangazo. Ilianzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na ina mafumbo ya kutatua pamoja na sehemu ya kuchambua mchezo uliokwisha. Ninachokataza ni michezo ya dakika moja. Kwa anayejifunza, hiyo humzoesha mkono kutangulia macho. Cheza ya dakika 15, hata kama ni miwili tu kwa siku.

Na uwe na daftari. Andika hatua zote za mchezo uliopoteza, kisha urudi nyuma kutoka mwisho hadi ufike pale ulipokuwa bado uko salama. Wengi husimama kwenye hatua ya chekimeti na kusema nilikosea hapa. Mvulana wa kidato cha pili aliandika vile vile, "nilikosea hatua ya tatu, farasi f6." Nilimwomba ajiulize pia ni wakati gani alipaswa kuwa amemwona askofu wa c4. Akafikiri, akafuta, akaandika "hatua ya pili". Ukurasa ule, wenye mstari uliofutwa, ndio uliomfunza kuliko maneno yangu.

Panga hili usiku wa leo, uone kama umeshaelewa. Nyeupe e4, Nyeusi c6. Nyeupe d4, Nyeusi d5. Farasi mweupe wa b1 anatoka c3. Kitunda cha d5 kinakula e4. Farasi anakila kitunda hicho pale e4. Farasi mweusi wa b8 anakwenda d7. Malkia mweupe anasogea e2. Ni zamu ya Nyeusi, na kila mtu anataka kumtoa farasi wa g8 kwenda f6, maana tumesema farasi watoke. Usimguse. Kalia mikono. Mtazame malkia wa e2 na mstari mzima wa e ulio mbele yake hadi kwa mfalme, ujiulize kitunda cha e7 kinaweza kusogea au la, kisha mtafutie farasi mweupe wa e4 mraba wa kutua.